Boriti Tuliyoichoma kwa Heshima

Watu wengine hukumbushwa utoto wao na harufu ya vitumbua, au udi, au mvua ya kwanza juu ya vumbi. Mimi, Mungu anisamehe, hukumbushwa na mkojo wa farasi. Siku za mpira mkubwa hapa Birmingham askari hupita barabarani juu ya farasi wao warefu kama makabati, na farasi hawana haya: husimama kwenye taa nyekundu na kujisaidia mbele ya kadamnasi. Wapita njia huziba pua na kuharakisha. Mimi husimama. Ile harufu kali hunipanda kichwani, na papo hapo nina miaka kumi, nimepiga magoti kwenye saruji ya yadi moja huko Winson Green, chini ya lori bovu, na Baba ananiambia, hebu nisomee hapa.

Haya nitakayokusimulia sijamsimulia mtu, hata mume wangu, ambaye anadhani nasimama kwa kuwa napenda wanyama. Siwapendi hata kidogo.

Tulikuwa tumekuja kutoka Unguja miaka miwili kabla, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Baba, Mama na mimi, tukapanga nyumba ya ghorofa moja Sparkhill, katika mtaa unaotokeza Stratford Road. Kwetu Baba alikuwa fundi wa bodi. Lori likishuka melini likiwa injini, fremu na magurudumu tu, lilipelekwa karakanani kwao, na yeye na wenzake walilivika mbao kuanzia sakafu hadi paa, kwa randa, patasi na macho. Watu walikuwa wakilitambua lori lililotoka mkononi mwake hata likiwa mbali, kwa namna mabega yake yalivyokaa. Hapa alipata kazi ya kufungasha kuku kiwandani. Alivaa kofia ya plastiki kama ya mtu anayeoga, na jioni alirudi na vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Hakulalamika. Alikuwa tu amenyamaza kwa namna ambayo Mama aliichukia kuliko malalamiko.

Kiwanda chenyewe kilikuwa upande wa Winson Green, si mbali na ukuta mrefu wa jela, na njia ya kwenda kituo cha basi ilipita kwenye geti la yadi ya Mwingereza mmoja mzee. Siku moja geti lilikuwa wazi na Baba akaona ndani mbavu za mbao. Lilikuwa lori la zamani la kubebea farasi, limevuliwa mabati nusu, na chini ya mabati ulikuwa mwili mzima wa mbao, umejengwa vile vile walivyojenga wao. Kwa siku tatu mfululizo akawa anasimama getini. Siku ya nne mzee yule akamwuliza anataka nini. Baba hakuwa na Kiingereza cha kutosha kujibu, kwa hiyo aliingia, akaweka kiganja juu ya ubavu mmoja, akaupapasa mpaka kwenye ungio lake, akatikisa kichwa kwa masikitiko kama daktari. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Jumamosi ile alinichukua nikamkalimanie. Watoto wengi wa mtaani kwetu walikuwa na kazi hiyo. Tulikuwa tukiwakalimania wazazi wetu kwa madaktari, kwa walimu, kwa watu wa umeme, na tulijua siri nyingi kupita umri wetu. Tulijua pia kuchuja. Mtu akimwambia mzazi wako neno lisilo na adabu, hulirudii kama lilivyo. Unalichukua, unaliosha, unalitoa likiwa safi. Hakuna aliyetufundisha. Nilikuwa hodari sana katika hilo, na nilijivunia.

Mzee aliitwa Ron. Baba alimwita Mzee Roni tangu siku ya kwanza, na yeye akaupenda huo uzee. Maisha yake yote alikuwa akigonga na kunyoosha mabati ya magari ya kale, lakini seremala wake alikuwa amefariki, kifua chake mwenyewe kilikuwa kibovu, na alisema hapa nchini kupata mtu wa kujenga bodi ya mbao ni kama kupata jino la kuku. Maneno ya jino la kuku ni yangu. Yeye alisema jambo jingine ambalo sikulielewa, nami nikaliosha.

Mapatano yao yalikuwa hivi, na niliyakalimani mara mbili ili pasiwe na shaka. Baba angekuja Jumamosi na Jumapili, walitengeneze lile lori. Mzee Roni aliamini kuwa lilijengwa na nyumba moja ya mafundi wa bodi wa hapa hapa Birmingham, kampuni iliyofungwa zamani, ambayo kazi zake zilizosalia zilihesabika kwa vidole. Lakini hakuwa na ushahidi. Mlangoni, mahali pa sahani ya shaba yenye jina la wajenzi, palibaki matundu manne ya misumari. Mwanzo wa vuli ya huku, mwezi wa Septemba, angekuja bwana mmoja mjuzi wa magari ya aina hiyo kulikagua. Akilitambua kuwa ni la nyumba ile, litaingia kwenye maonyesho, wenye magari kama hayo wataleta kazi, na yadi itabaki wazi na Baba ataajiriwa moja kwa moja, aachane na kuku. Asipolitambua, Mzee Roni atafunga geti aende akaishi na binti yake pwani. Hapakuwa na njia ya tatu.

Nilipomaliza kukalimani, Baba aliniuliza kama nimesikia vizuri. Nikasema ndiyo. Akaniambia nimwambie Mzee Roni kwamba sahani ya shaba ikiwa imeanguka ndani ya lile gari, ataipata, hata ikibidi apekue kila ufa. Ndivyo tulivyoanza kutafuta sahani. Nakuomba ulishike hilo: sote watatu tulikuwa tukitafuta shaba.

Sijawahi kumwona Baba kama nilivyomwona miezi ile. Alfajiri ya Jumamosi alikuwa wa kwanza kuamka, anapiga mluzi, kitu ambacho Mama alisema kinaita mashetani lakini hakumkataza. Tulipanda mabasi mawili. Alikuwa amechukua begi la vyombo vyake vya Unguja, randa mbili, patasi sita zilizofungwa katika kanga kuukuu, ambavyo tulipohama Mama alitaka viachwe kwa sababu ya uzito wa mizigo na yeye akaacha nguo zake badala yake. Yadini alivivua kwenye kanga polepole kama mtu anayefungua zawadi.

Alilisoma lile lori. Sina neno jingine. Alikuwa akipitisha kidole kwenye ungio, mahali ulimi wa ubao mmoja unapoingia tunduni mwa mwingine, kisha ananieleza mimi nimweleze Mzee Roni. Hawa walikuwa wawili, alisema. Mmoja ana mkono wa kushoto, tazama patasi ilivyoingia. Huyu ndiye mkubwa, hana haraka. Yule mwingine ni kijana, anataka kwenda nyumbani, lakini kila alipoharakisha mkubwa alikuja akarekebisha. Mzee Roni alisikiliza huku ameegemea mlango wa chumba kidogo cha nyuma ya dereva, ambako zamani mtunza farasi alilala safarini, na mara nyingine alivua kofia.

Mbao zilikuwa za mti mmoja wa Kizungu uitwao ash, mweupe, unaopinda bila kuvunjika. Nyingi zilikuwa zimeoza. Farasi ni mnyama mzuri kwa mwenye kumtazama tu; kwa mbao ni adui. Miaka na miaka ya mkojo ilikuwa imepenya sakafuni, na jua la Julai lilipopiga, yadi nzima ilinuka kana kwamba farasi wameshuka jana. Mama alitufungia nguo zetu kwenye mfuko nje ya mlango. Alisema kama ni kunuka, basi afadhali kuku, kuku walau analiwa.

Siku niliyotaka kukusimulia, Mzee Roni hakuwapo, alikuwa na miadi ya hospitali kwa ajili ya kifua chake, akatuachia ufunguo. Baba alikuwa chini ya lori anafungua boriti ya mwisho ya sakafu, ile ya nyuma kabisa, chini ya mahali farasi alipokuwa akiweka makalio yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema, akaniita niiname naye. Nusu ya boriti ilikuwa imekuwa unga. Nusu nyingine ilikuwa nzima, na kwenye ubavu wake uliofichika palikuwa na maandishi ya penseli, ya kizamani, yenye mikia.

Nikasoma kwa shida. Palikuwa na majina mawili ya watu na tarakimu fulani. Majina ya ukoo sikuweza kuyasoma. Ya kwanza niliyasoma.

"Abraham," nikasema. "Na Joseph. Baba, hawa ni Nabii Ibrahimu na Nabii Yusufu."

Sasa ujue kwamba wiki ile ile, chuoni tulikosoma Kurani, maalimu wetu alikuwa ametufundisha adabu ya maandishi. Karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu au la mitume haitupwi jaani, haikanyagwi, haiachwi penye uchafu. Huchomwa mahali safi, na jivu lake hutiwa kwenye maji yanayotembea. Nilikuwa mwanafunzi wa kimbelembele. Nikamweleza Baba yote hayo, pale pale chini ya lori, kana kwamba yeye hakupata kusoma chuo. Nikamwambia kuwa majina ya mitume yamekaa chini ya mkojo wa farasi miaka yote hii na hakuna aliyejali.

Baba alinitazama. Uso wake ulikuwa na vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

"Hayo kakufundisha maalimu, au umefikiri weye mwenyewe?"

"Maalimu kafundisha," nikasema. "Ya farasi nimefikiri mimi."

Akatoka chini ya gari, akaenda bombani, akatawadha. Boriti ile ingetupwa vyovyote, haikuwa na nguvu tena. Lakini hakuitupa katika pipa la kuchomea takataka. Alikata kile kipande chenye majina, akakifuta kwa shati lake, akawasha moto mdogo pembeni juu ya bati jipya. Mimi nilisimama nimefunga mtandio vizuri. Mbao ile kavu iliwaka haraka, na moshi wake, nakumbuka, haukunuka vibaya hata kidogo. Jivu tulilikusanya katika kopo la biskuti.

Kisha ikaja mas'ala ya maji. Mfereji wa kupitia mashua ulikuwa karibu, nyuma ya yadi, lakini Baba aliutazama akasema maji haya hayatembei, yamelala. Kwa hiyo tulipanda mabasi mawili na kopo letu, mimi nimelipakata, hadi Mto Cole upande wa kwetu, mto ambao mtu akijikaza anauruka. Pale tukalimimina. Lilitengeneza wingu dogo la kijivu, likapita chini ya mkokoteni wa dukani uliotupwa mtoni, likaenda zake. Baba akaninunulia chipsi Stratford Road, tukala tumesimama, na alikuwa na furaha ambayo sikuijua. Jioni alimsimulia Mama. Ijumaa alisimulia msikitini. Mwanangu, alikuwa akisema, ana miaka kumi tu, kayaokoa majina ya mitume kutoka miguuni mwa farasi. Nilitembea wiki nzima nikiwa na urefu zaidi.

Mzee Roni hakuuliza habari za ile boriti. Aliporudi alikuta mpya mahali pake, imekaa kama iliyoota, akaipapasa akasema kitu kizuri. Hakutuuliza tumeona nini, nasi hatukusema, kwa sababu hatukuona sahani.

Bwana mjuzi alikuja Jumapili moja ya Septemba. Alikuwa mwembamba, amevaa tai chini ya ovaroli, na tochi yake ilikuwa ndogo kama kalamu. Lori lilikuwa limekamilika. Mzee Roni alikuwa amelipaka rangi ya kijani kibichi sana na mstari mwembamba wa maziwa, na mlango wa nyuma uliteremka kuwa daraja la farasi bila kutoa sauti. Baba alikuwa amevaa koti lake la Idi. Mama alikuja pia, mara ya kwanza na ya mwisho, na chupa ya chai ya tangawizi.

Yule bwana alikagua saa nzima. Aliingia chini, akatoka, akaingia tena. Kisha akasimama akifuta magoti, akanitazama mimi, maana alikwisha kuambiwa kuwa maneno yanapitia kwangu. Alisema kwamba tangu ujana wake, alipokuwa akiwatazama wazee wa kazi hiyo, hajaona maungio kama haya. Alisema hawezi kutofautisha mkono wa baba yangu na mkono wa wale wa zamani. Na hapo ndipo penye taabu, akasema, kwa sababu mbao nyingi sasa ni mpya, na asipopata alama, hawezi kusema gari ni la nyumba gani. Lakini alama moja ilikuwapo siku zote. Mafundi wa nyumba ile walikuwa na desturi ya kuandika majina yao na namba ya kazi kwa penseli, kwenye boriti ya mwisho ya sakafu, upande usioonekana. Daftari lao limehifadhiwa katika maktaba ya jiji. Namba ikilingana, mambo yamekwisha.

"Mwulize baba yako," akasema, "alipoitoa boriti ya zamani, kulikuwa na maandishi?"

Nakumbuka nilimtazama kwanza Mama, aliyekuwa akimimina chai. Nakumbuka mvuke wake. Sikufikiri, watu husema mtoto hufikiri haraka, lakini mimi sikufikiri kitu, niliogopa tu. Baba angesema kweli. Angeisema kwa furaha, angetaka nisimulie kisa chote, kopo la biskuti na Mto Cole, na ningelazimika kuwatafsiria neno kwa neno jinsi mtoto wake hodari alivyoichoma kazi yake.

"Baba," nikasema, "anauliza kama umechoka."

Baba akatabasamu, akaweka mkono kifuani. "Mwambie mie sijachoka, alhamdulillahi. Lije jingine."

Nikageuka. "He says no," nikasema. "There was nothing."

Yule bwana akazima tochi yake. Mzee Roni aliketi juu ya sanduku la rangi, akakohoa, akatazama saruji. Wakaongea wao kwa wao kwa sauti ndogo, nami sikutafsiri na hakuna aliyeniomba. Mwishoni Mzee Roni alimjia Baba, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, akakaa nao muda mrefu. Aliniambia nimwambie baba yangu kwamba katika miaka yote ya kazi hajapata kufanya kazi na mtu kama yeye, na kwamba anaomba radhi.

Nikamwambia Baba, "Anasema ahsante. Anafunga yadi."

Ungeuliza kwa nini sikusema zile sifa. Nimejiuliza mimi pia, mara nyingi kuliko wewe. Nadhani ni kwa sababu sifa zingeleta swali. Angesema, kama kazi ni nzuri, mbona wanaikataa? Na swali hilo lilikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa mimi. Kwa hiyo nilifanya nilichokizoea. Nilichukua maneno, nikayaosha, na safari hii nikayaosha mpaka hayakubaki.

Kwenye basi Baba alikaa na begi lake la vyombo mapajani.

"Walisema nini juu ya kazi yangu?"

"Hawakusema kitu," nikajibu.

Akaitikia kwa kichwa. Baada ya vituo vitatu au vinne akasema kwa Mama, si kwangu, kwamba fundi haambiwi kazi yako mbaya. Watu waungwana hunyamaza tu, naye fundi akaelewa. Mama akamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, yadi ziko nyingi.

"Koleo halikuvunjika, mama Zeyana," Baba akasema. "Mhunzi ndiye aliyevunjika."

Sikulia. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele yao, nikihesabu maduka ya Stratford Road ya vitambaa na nyama, na nilihisi nimeponea chupuchupu. Huo ndio ukweli mchungu kuliko wote: siku ile nililala vizuri.

Baba alirudi kwenye kuku, akakaa huko miaka kumi na minne. Lori liliuzwa kwa mtu aliyetaka injini na fremu tu. Miezi michache baadaye Baba alipita akakuta bodi imebomolewa, vipande vyake vimerundikwa getini vikisubiri kuchukuliwa. Alitusimulia mezani kwa sauti ya kawaida kabisa. Alisema rangi ya kijani ilikuwa bado inang'aa. Sasa pale pana fleti. Mzee Roni alituandikia kadi moja kutoka pwani, nikaisoma kwa sauti nikiruka mistari.

Begi la vyombo lilikwenda chini ya ngazi. Mlango wa kabati la jikoni ulipotoka bawaba, ulining'inia mwaka mzima, mpaka Mama akaufunga mwenyewe kwa kisu cha siagi, umekaa upande kama mlevi. Jirani alipomwomba Baba atazame dirisha lake, alisema yeye si fundi, aite fundi. Hakusema kwa hasira. Alikuwa ameamini, na mtu aliyeamini hana haja ya kupiga kelele.

Nilipokuwa mkubwa nilikwenda maktaba ya jiji. Daftari lipo. Kuna kina Joseph kadhaa na Abraham mmoja, na namba ni nyingi, na mimi sikumbuki namba. Nimefumba macho mara ngapi nikijaribu kuiona. Naona penseli, naona mkia wa herufi ya J, naona kidole cha Baba kikiwa chini ya jina, basi. Walikuwa maseremala wawili, mmoja mkono wa kushoto na mmoja mwenye haraka, walioandika majina yao mahali ambapo hawangeonekana isipokuwa na seremala mwingine. Naye alikuja. Aliwajua kwa kazi yao kabla hajaona majina. Nami nikamwambia awachome.

Mama alitangulia mbele ya haki. Baba alipopata kiharusi nilimleta kwangu Northfield, nikampa chumba cha chini kinachotazama bustani, na marafiki zake wa msikitini walikuja kumtazama. Kila wageni walipokuja alisimulia kisa kile. Ulimi ulikuwa mzito lakini hakuruka hata hatua moja: chuo, farasi, moto, kopo, mabasi mawili. Mwanangu huyu, alisema, akinionyesha kwa mkono uliobaki na nguvu, na wazee walisema mashaallah, nami nilisimama mlangoni na sinia.

Alasiri moja, wageni walipoondoka, niliketi kwenye kitanda chake. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi.

"Baba," nikasema, "siku ile yadini, yule bwana mwenye tochi aliisifu kazi yako. Alisema tangu ujana wake hajaona maungio kama yale. Alisema hakuweza kutofautisha mkono wako na wa wale wazee. Mimi ndiye sikukwambia."

Akatabasamu kwa upande mmoja wa uso.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Mungu akubariki. Mtoto mwenye adabu humstahi mzazi wake hivyo." Akapapasa mkono wangu. "Lakini mie fundi, Zeyana. Fundi hujua."

Hakuniamini. Nilimlea mwenyewe, kwa miaka yote ile, kuwa mtu ambaye binti yake humwoshea maneno, na sasa nilipomletea neno lisilooshwa alilipokea kama zawadi ya mgonjwa. Ilinibidi nimthibitishie, na uthibitisho ulikuwa mmoja: kumwambia kwa nini walikataa. Kumwambia kile kipande cha mbao kilikuwa nini. Maana yake ni kumnyang'anya Mto Cole, kitu pekee cha nchi hii alichokuwa akiwaonyesha wageni, ili nimrudishie mikono ambayo sasa mmoja wake haukuweza kushika kijiko. Nilifungua mdomo. Nikamwuliza kama anataka chai.

Alifariki baada ya wiki tatu. Aliondoka na yakini mbili: kwamba binti yake aliyaokoa majina ya mitume, na kwamba kazi ya mikono yake haikufaa. Zote mbili nilimpa mimi.